Nani alipiga picha hii? Wanaanga, kamera zao, na maneno tunayoyaandika chini

Alhamisi moja, kwaya ilipomaliza mazoezi, kijana mmoja alinifuata mlangoni na simu yake mkononi. "Mwalimu, angalia hii. Ni ukweli?"

Kwenye simu kulikuwa na picha nzuri sana. Dunia yetu, ya buluu na nyeupe, sehemu yake ikiwa gizani, ilikuwa inachomoza juu ya ardhi kavu ya mwezi. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba Yuri Gagarin, mwanadamu wa kwanza kwenda anga za juu, alipiga picha hii mwaka 1961, akatazama kila upande, asimwone Mungu. Ujumbe ule ulikuwa umekwisha kupita katika makundi matatu ya WhatsApp ya vijana wetu na moja la wazazi. Wengine walijibu kwa hasira, wengine kwa mistari ya Biblia. Mmoja aliandika maneno mawili tu: "Basi tumedanganywa."

Nilimwomba aniachie mpaka Jumapili. Sikutaka kujibu haraka, maana majibu ya haraka ndiyo yaliyokuwa yamejaza yale makundi. Nikasoma, nikalinganisha tarehe. Wapendwa, niliyoyapata nimeona vema kuyaandika hapa, sababu picha za wanaanga zinapita kwenye simu zetu kila juma, na mara nyingi mtu aliyeandika maneno chini ya picha hakujua anatazama nini.

Ujumbe ule ulikuwa na makosa kila mahali. Gagarin hakupiga picha yoyote kule juu. Tarehe 12 Aprili 1961 alirushwa kutoka Baikonur ndani ya chombo kilichoitwa Vostok 1, akazunguka dunia mara moja, na safari yote ilichukua dakika 108. Kamera ilikuwamo ndani, ya televisheni, lakini ilimtazama yeye mwenyewe, kusudi watu wa chini waone kama bado ana fahamu. Hakuna aliyejua kwa hakika kama akili ya mtu ingestahimili hali ya kuelea bila uzito. Wala hakufika karibu na mwezi: pahali pa juu kabisa alipofika palikuwa kilomita 327 kutoka ardhini. Tena picha ile ilipigwa tarehe 24 Desemba 1968. Gagarin alikuwa amekufa tarehe 27 Machi mwaka uleule, katika ajali ya ndege ya mazoezi. Mtu hawezi kupiga picha miezi tisa baada ya kufa kwake.

Na yale maneno kuhusu Mungu? Mazungumzo ya Gagarin na watu wa ardhini yaliandikwa, na maneno hayo hayamo. Aliyesema jambo la namna ile ni mwenzake, Gherman Titov, aliyeruka mwezi wa Agosti 1961. Alipotembelea maonyesho makubwa ya mji wa Seattle, Marekani, mwaka 1962, Titov alisema kwamba hakumwona Mungu wala malaika kule juu. Umoja wa Kisovieti wakati ule ulifundisha shuleni kwamba hakuna Mungu, kwa hiyo maneno hayo yaliwafaa wakubwa. Lakini mara nyingi maneno ya namna hiyo hupewa Gagarin, ambaye jina lake linajulikana zaidi. Kwa upande wangu sioni kwa nini yalitusumbua hivyo. Hakuna mtoto wa Shule ya Jumapili aliyefundishwa kwamba Mungu anakaa kilomita mia tatu juu ya Baikonur.

Huyu Titov tumtendee haki kwa jambo moja: yeye ndiye mtu wa kwanza kushika kamera kwa mikono yake na kuipiga dunia picha akiwa anaizunguka.

Lakini kuna picha nyingine ya Wasovieti ambayo ilinikalia moyoni zaidi. Mwezi wa Mei 1961 wanaanga wa kwanza walikuwa mapumzikoni Sochi, mji ulio kando ya Bahari Nyeusi, wakapigwa picha pamoja na mkuu wa kazi yao, Sergei Korolev. Katika kundi lile alikuwamo rubani kijana, Grigori Nelyubov, mmoja wa sita waliochaguliwa kujitayarisha mbele ya wengine. Mwaka 1963 aligombana na askari wa doria kwenye stesheni ya treni, akafukuzwa kazini. Mwaka 1966 aligongwa na treni, akafa. Picha ya Sochi ilipotolewa kwa watu, Nelyubov hakuonekana. Fundi alikuwa amempaka rangi mpaka akafutika. Baada ya miaka watafiti wa nje waliweka nakala mbili pamoja, moja yenye mtu na moja isiyo na mtu, wakaanza kuuliza maswali.

Nayasema haya mapema sababu katika makanisa yetu wako wanaosema kwamba picha za wanaanga zote ni uongo. Picha za uongo zipo kweli. Yule aliyefutwa alikuwa na jina na mama aliyemzaa. Kazi yetu ni kutenganisha picha na picha, na kazi hiyo haifanyiki kwa kusadiki kila kitu, wala kwa kukataa kila kitu.

Wamarekani walianza na kamera kwa unyenyekevu wa kuchekesha. John Glenn, aliyezunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alikwenda na kamera ndogo aliyoinunua mwenyewe katika duka la dawa na vitu vya kila siku huko Florida. Mafundi wakaifunga mpini kama wa bastola kusudi aweze kuishika akiwa amevaa glovu nene. Wakati ule hakukuwa na setelaiti za kupeleka sauti, kwa hiyo vituo vya redio vilipangwa kando ya njia yake kuizunguka dunia: kimoja Kano, Nigeria, kingine Tunguu, kisiwani Unguja. Kile cha Zanzibar kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kama una ramani ya Afrika nyumbani, weka rula kutoka Kano hadi Unguja. Mstari utakata Kongo yetu na kupita karibu na Lubero. Wazee wetu walikuwa mashambani siku zile, na sidhani kuna aliyewaambia.

Mwaka 1965 watu walianza kutoka nje ya chombo. Alexei Leonov alitangulia, tarehe 18 Machi. Alikuwa na kamera kifuani, lakini vazi lake lilivimba kama mpira uliojazwa pumzi, mkono wake ukashindwa kufikia swichi iliyokuwa pajani. Ilimbidi apunguze hewa ndani ya vazi, kwa hatari ya maisha yake, ndipo akaweza kurudi ndani. Alikuwa amechukua penseli za rangi, akachora kwa mkono macheo aliyoyaona. Miezi mitatu baadaye Edward White akaelea juu ya bahari akiwa amefungwa kwa kamba, na James McDivitt akampiga zile picha zinazochapishwa mpaka leo. White alikufa Januari 1967, katika moto uliowaka ndani ya chombo cha Apollo kikiwa bado chini kwenye majaribio, pamoja na wenzake wawili, Grissom na Chaffee. Ukitazama uso wa kioo cha dhahabu wa White akielea, kumbuka kwamba alibakiwa na mwaka mmoja na nusu tu.

Sasa nirudi kwenye picha ya yule kijana.

Frank Borman, James Lovell na William Anders waliondoka duniani tarehe 21 Desemba 1968 katika safari iliyoitwa Apollo 8. Walikuwa wanadamu wa kwanza kuondoka karibu na dunia na kwenda kuuzunguka mwezi. Hawakutumwa kuipiga picha dunia. Anders alikuwa na orodha ya mashimo na milima ya mwezi ya kupiga, kwa ajili ya watakaotua baadaye, na chombo kilikuwa kimegeuzwa namna ambayo madirisha yalielekea chini. Walizunguka mara tatu bila kuiona dunia ikichomoza. Katika mzunguko wa nne Borman alikigeuza chombo, na Anders akaona kitu cha buluu kikitokea ukingoni mwa mwezi. Alipiga moja kwa filamu nyeusi na nyeupe iliyokuwa ndani ya kamera. Kisha akamwomba Lovell filamu ya rangi, haraka, haraka. Lovell akaitafuta, akampa. Yote haya yanasikika katika sauti zilizorekodiwa ndani ya chombo. Ni jambo jema zilirekodiwa, maana kwa miaka mingi Borman alisimulia kwamba ni yeye aliyepiga picha ile. Hakuwa mwongo. Alikumbuka vibaya, kama tunavyokumbuka vibaya sisi sote, na kanda ikamsahihisha.

Anders mwenyewe aliizoea picha hiyo ikiwa imesimama kwa upande mwingine, ardhi ya mwezi ikiwa kuliani kama ukuta na dunia ikiwa kando yake. Magazeti yaliigeuza ili mwezi uwe chini na dunia juu, kusudi ifanane na jua linavyochomoza kwetu. Hakuna uovu katika hilo, ila ni vema kujua.

Jambo lingine nililipata ambalo sikulitegemea. Picha ilipigwa kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni kwa saa za kwetu mashariki. Na katika picha hiyo ule mstari unaotenga mchana na usiku unapita katikati ya Afrika. Upande wa magharibi wa bara bado ulikuwa na mwanga. Kwetu jua lilikuwa limekwisha kutua. Mkesha wa Noeli wa mwaka 1968, watu wa Bukavu na Uvira walipokuwa wanawasha taa zao za mafuta, walikuwa ndani ya picha ile, upande wa giza, bila kuonekana.

Usiku uleule kwa saa za Marekani (kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 25) watatu hao walisoma kwa zamu, kwa redio na televisheni, mistari kumi ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo. Mamilioni ya watu walisikia. Mwanamke mmoja aliyepinga dini katika mambo ya serikali, Madalyn Murray O'Hair, aliishtaki NASA, shirika la anga la Marekani, lakini kesi ilitupwa. Wahubiri wengi wanaipenda habari hii, na mimi pia. Ila tuiseme yote. Borman alikuwa msaidizi wa ibada katika kanisa lake la Kiepiskopali. Anders, aliyelelewa Mkatoliki, alisema miaka mingi baadaye kwamba kuiona dunia ndogo namna ile kulimtikisa katika imani aliyokuwa nayo. Dirisha lilikuwa moja, dunia moja, na watu wakarudi na mioyo tofauti. Anders alikufa Juni 2024, akiwa na miaka 90, ndege ndogo aliyoirusha mwenyewe ilipoanguka baharini.

Miezi saba baada ya Apollo 8 watu walitembea mwezini. Hapa ndipo maswali ya vijana wetu yanakuwa mengi, na ni maswali mazuri.

Wanauliza: kwa nini hakuna nyota katika zile picha, na mbingu ni nyeusi? Jaribu wewe mwenyewe. Usiku mmoja wenye nyota, washa taa kali ya jenereta kwenye uwanja wa kanisa, simamisha mtu mwenye shati jeupe chini yake, umpige picha. Mtu ataonekana vizuri, na nyota zote zitakuwa zimepotea. Kamera hufungua jicho lake kwa muda mfupi sana pale penye mwanga mwingi, na nyota ni hafifu mno kwa muda huo mfupi. Mwezini walitua wakati wa mchana wa mwezi, jua likiwaka juu ya ardhi na juu ya mavazi meupe. Wanauliza: bendera inapepeaje pasipo upepo? Ilikuwa na fimbo iliyopita juu yake kwa mlalo, na mikunjo ile ni ya kukunjwa katika mzigo. Vile vijisalaba vidogo katika picha vilichorwa kwenye kioo ndani ya kamera, vya kupimia umbali. Kuna zaidi ya picha. Walirudi na mawe na udongo kilo 382 kwa jumla katika safari sita. Waliacha vioo ambavyo hata leo vinarudisha mwanga wa leza unaotumwa kutoka duniani. Na chombo kisicho na watu, kilichorushwa mwaka 2009 kuuzunguka mwezi, kimepiga picha za pahali pale, na njia za miguu yao bado zinaonekana, maana hakuna mvua wala upepo wa kuzifuta.

Mimi swali langu ni lingine: mbona Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, karibu haonekani katika picha zile? Yule mwanaanga aliyesimama mbele yetu, anayewekwa kwenye vitabu vya shule na jina la Armstrong chini yake, ni Edwin Aldrin, ambaye wote humwita Buzz. Armstrong ndiye aliyeshika kamera kwa muda mrefu. Ukitaka kumwona, tazama kwenye kioo cha kofia ya Aldrin: yumo mle ndani, mdogo, mweupe, akipiga. Kwa hiyo vitabu vingi vya watoto vina kosa lilelile la WhatsApp.

Kuna na tendo ambalo halina picha kabisa. Aldrin alikuwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri la Webster, karibu na Houston. Tarehe 20 Julai 1969, chombo kikiwa kimetua na mlango haujafunguliwa bado, aliomba watu wanyamaze na kushukuru, kila mmoja kwa namna yake. Kisha akatoa mkate kidogo, divai na kikombe kidogo alivyopewa na kanisa lake, akasoma kimya Yohana 15:5 aliyoiandika kwenye karatasi, akashiriki Meza ya Bwana. Armstrong alitazama kwa heshima bila kushiriki. Aldrin alieleza baadaye kwamba divai ilipanda polepole kando ya kikombe, kwa vile uzito kule ni sehemu moja tu ya sita ya huku. Alitaka kulitangaza kwa redio, lakini wakubwa wa NASA walimwomba asifanye hivyo, kwa ajili ya ile kesi ya Mwanzo. Na katika kitabu alichokitoa mwaka 2009 aliandika kwamba kama angepewa nafasi tena huenda asingefanya vile, kwa kuwa walikwenda kwa jina la wanadamu wote, Wakristo na wasio Wakristo. Tunaweza kujadiliana naye juu ya hilo. Lakini picha ya mwanaanga akiinua kikombe mwezini, ambayo inazunguka, imechorwa na mtu. Wala haikupigwa na kamera.

Charles Duke alifika mwezini Aprili 1972, katika Apollo 16, akiwa na miaka 36. Kabla ya kuondoka aliweka juu ya vumbi picha ya familia yake ndani ya mfuko wa plastiki: yeye, mkewe Dotty na watoto wao wawili wa kiume. Kisha akaipiga picha hiyo picha. Ni moja ya picha ninazozipenda kuliko zote. Ile ya asili huenda imekwisha kuchomwa na jua na kubaki nyeupe, lakini picha ya picha ipo. Wote wanne wametulia, wamependeza. Duke na mkewe wameshuhudia mara nyingi katika makanisa kwamba siku zile ndoa yao ilikuwa inabomoka, kazi ilikuwa imemmeza baba, mama alikuwa amekata tamaa. Baadaye wote wawili walimpokea Kristo, mama kwanza, na nyumba ikajengwa upya. Kamera haikuona lolote kati ya hayo. Nasi tuna picha za namna hiyo ukutani.

Desemba ya mwaka uleule, tarehe 7, Apollo 17 ikiwa njiani kwenda mwezini na umbali wa karibu kilomita 29,000, mmoja wa watatu waliokuwamo aliipiga dunia nzima ikiwa imeangaziwa na jua kama chungwa. Cernan, Evans na Schmitt kila mmoja anahesabiwa kuwa mpigaji. Hiyo ndiyo picha inayochapishwa kuliko karibu nyingine zote, na bara lililo mbele ni la kwetu: Sahara juu, pembe ya Somalia, Madagaska, na barafu ya kusini chini kabisa. Mawingu yametanda juu ya sehemu za katikati. Desemba, mvua, ulitegemea nini? Hii nayo iligeuzwa. Kwenye filamu kusini iko juu. Waliokuwa angani hawana juu wala chini. Sisi ndio tuliozoea kuiweka Ulaya juu yetu.

Baada ya hapo wanadamu hawakuenda tena mwezini kwa zaidi ya miaka hamsini. Walibaki karibu, katika vyombo vilivyozunguka dunia. Walioonekana katika picha walianza kuwa wa namna nyingi: Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza, mwaka 1983, daktari Mae Jemison mwaka 1992, aliyekuwa ametibu watu Sierra Leone na Liberia kabla ya kuruka, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2002. Na walikufa wengine. Saba ndani ya Challenger, Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka.

Juu ya Columbia nataka kukaa kidogo.

Chombo hicho kiliruka tarehe 16 Januari 2003 na watu saba: Rick Husband, William McCool, Michael Anderson, Kalpana Chawla, David Brown, Laurel Clark, na Ilan Ramon, Mwisraeli wa kwanza angani. Ramon, ambaye mama yake aliokoka Auschwitz, alichukua nakala ya mchoro wa mtoto Myahudi, Petr Ginz. Mtoto huyo, akiwa amefungwa katika kambi ya Theresienstadt, alichora dunia inavyoonekana kutoka milima ya mwezi. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Weka mchoro ule kando ya picha ya Anders: mtoto gerezani aliiona kwa penseli zaidi ya miaka ishirini kabla.

Columbia ilipokuwa inapanda, kipande cha sponji ngumu kilibanduka kwenye tangi kubwa, kikapiga ukingo wa bawa la kushoto. Kamera za ardhini zilikiona. Wahandisi wa chini waliogopa. Waliomba, tena zaidi ya mara moja, kwamba bawa lipigwe picha na setelaiti za jeshi, kusudi ijulikane kama kuna tundu. Wakubwa walikataa, waliona si lazima. Picha haikupigwa. Tarehe 1 Februari, chombo kiliporudi, hewa yenye moto iliingia kwenye tundu la bawa, na Columbia ikavunjika juu ya Texas, zikiwa zimebaki dakika 16 tu za kutua. Katika habari hii yote ya wanaanga na kamera, kwangu mimi picha kubwa ni ile ambayo watu waliiomba na hawakupewa.

Watu wa vijijini, polisi, askari na waumini wa makanisa ya mashariki ya Texas walitembea mashambani kwa majuma mengi wakiokota vipande. Katika vipande hivyo ilipatikana filamu ambayo haijasafishwa. Walipoisafisha, ikatokea picha ya wote saba wakielea pamoja, wanne kwa mashati mekundu na watatu kwa mashati ya buluu, kwa kuwa walifanya kazi kwa zamu mbili. Wanacheka. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona picha ile.

Leo wanaanga wako juu yetu kila saa. Kituo cha Kimataifa cha Anga kimekuwa na watu ndani yake bila kukatika tangu Novemba 2000. Kinapita kilomita kama 400 juu na kuizunguka dunia kwa muda wa saa moja na nusu hivi, kwa hiyo waliomo wanaona jua likichomoza karibu mara 16 kwa siku. Mwaka 2010 walifungiwa chumba cha madirisha saba yanayoitazama dunia, na tangu hapo picha zimekuwa nyingi mno. Mtu yeyote anaweza kuzitazama bure kwenye hazina ya NASA kama ana megabaiti za kutosha.

Picha za usiku ndizo zinazosambaa zaidi. Ulaya inawaka kama makaa. Mto Nili ni kamba ya dhahabu. Kinshasa na Brazzaville zinang'aa pande mbili za mto kama mji mmoja. Kisha katikati ya Kongo, giza, na giza, na giza. Niliwahi kuona mtu wa mbali akiandika chini ya picha ya namna hiyo kwamba hapo ni msitu usio na watu. Nikakumbuka vijiji vyote nilivyopita kwa miguu na kwa pikipiki kati ya Fizi na Baraka, watoto wakisomea kwa kibatari, mama wakipepeta mchele mbele ya moto. Kamera ya angani inahesabu balbu tu. Pale pasipo umeme inaandika sifuri.

Jumapili, baada ya ibada, nilikaa na yule kijana na wenzake sita kwenye benchi la nyuma. Niliwaeleza haya, si yote. Walitaka zaidi habari za Nelyubov. Kisha tukatafuta ziwa letu. Picha ya kwanza ilikuwa mawingu matupu, wakacheka. Ya tatu au ya nne ikawa Kivu: maji ya buluu iliyoiva, kisiwa cha Idjwi katikati, na kaskazini Nyiragongo na volkeno nyingine zimepangwa kama vidonda vilivyokauka. Binti mmoja, ambaye nyumba ya kwao iliungua lava iliposhuka mwaka 2021, aliikuza kwa vidole viwili mpaka ikawa madoadoa. Akauliza nani alipiga. Tulitazama chini ya picha: kulikuwa na tarehe, aina ya lenzi, na namba ya kundi la wanaanga waliokuwa kituoni. Jina la mtu halikuwapo.

Yule kijana alirudisha picha yake katika makundi yaleyale matatu na lile la wazazi, na maneno mapya: "William Anders, Apollo 8, tarehe 24 Desemba 1968. Kwetu ilikuwa jioni, tulikuwa upande wa giza." Jibu la kwanza lilitoka kwa mzee mmoja wa kanisa: "Asante mwanangu. Mimi siku hiyo nilikuwa na miaka saba, na mvua ilinyesha."